Pembe Ambayo Haikulia: Kumkumbuka Faustino Obwona wa Mbuya

Mwaka umezunguka, Baba Laker, tangu siku ile ulipowaambia wenzako "Ketini," wakaketi, na wewe usiinuke tena.

Tunakuandikia sisi wa nyumba yako ya Mbuya. Nimeshika kalamu mimi mkeo Docus, kwa sababu binti yetu Laker alianza mara mbili akaacha, akisema, "Mama, andika wewe, wewe ndiye huogopi kumgombeza." Watu watasoma gazetini, nami najua hukupenda kutangazwa. Safari hii utanisamehe. Ninalo neno la kukuambia ambalo nataka mtu mwingine alisikie.

Ulikuwa sajenti jeshini, na hata ulipostaafu watu waliendelea kukuita Afande. Ulifungua karakana ya useremala nyuma ya nyumba yetu. Hukuweza kupita mlango wa mfiwa bila kuingia. Wajane wa askari wenzako hapa mlimani wanalala hadi leo juu ya vitanda ulivyowachongea, na walipotaka kukushukuru uliwajibu, "Lala kwanza, uone kama kitanda inabeba." Lakini mganga hajigangi. Meza hii ninayoandikia uliitengeneza wewe mwenyewe, na mguu wake mmoja unayumba tangu Laker akiwa shule ya msingi. Kila nilipokukumbusha ulisema utaurekebisha Jumatatu. Nimeacha uyumbe.

Kitu chako hasa kilikuwa upinde. Mtu aliyebeba bunduki ujana wake wote, nilidhani akistaafu atataka kupumzika na silaha. Wewe ukarudi kwenye upinde wa baba yako, ukachonga na mingine ya kwako, ukasuka ugwe mwenyewe, ukakaa jua lote la mchana ukinyoosha mishale juu ya moto mdogo kana kwamba ni watoto wanaopewa adabu. Nilipokuuliza kwa nini usiazime bunduki kama wawindaji wengine, ulinijibu, "Bunduki haina mazungumzo, Docus. Inasema mara moja, imekwisha."

Na mazungumzo uliyapenda! Kila Jumapili baada ya misa ulisimamisha nyuma ya karakana gunia lililoshindiliwa majani makavu ya migomba. Rafiki yako Zubairi alikuja kutoka gereji yake ya Kisenyi na vigumba vipya vya mishale, alivyofua kwa chuma cha springi za magari makuukuu. Mwanao Olal alikuja kutoka Kisugu na mkewe Nuriat na mtoto wao Alanyo mgongoni. Mlilenga shabaha kidogo, mkabishana sana: mnyama alengwe wapi, upepo ukigeuka ufanye nini, upinde wa mti gani unachoka upesi. Zubairi alikuwa na mbawala wake mmoja aliyempata zamani kule Nakasongola, na kila Jumapili pembe za huyo mbawala zilirefuka, mpaka Nuriat akamwambia, "Mzee Zubairi, wiki ijayo hiyo mbawala haitapita hata kwa geti." Ulicheka ukamwaga chai. Nakumbuka nilikasirika kwa sababu ya kitambaa cha meza.

Kila Jumapili mliishia palepale, kwenye kungoja. Nami, kwa kuwapikia chai miaka yote hiyo, nimekuwa mjuzi bila kupenda. Mshale haumwangushi mnyama papo hapo. Unampata, anaruka, anaingia vichakani. Mwenye pupa humfuata, na mnyama akisikia miguu hutumia nguvu zake za mwisho kukimbia, akafie asikoonekana. Mwenye adabu huketi. Akiachwa, mnyama atalala karibu tu, afe kwa utulivu. Hayo, ulisema, kila mwindaji anayajua. Lakini baba yako alikuongezea ya nyumbani kwenu: mshale ukishapata, wenzako wote wageuze migongo, wanyamaze, wasiite jina la mtu, kwa sababu mnyama anayekufa hatazamwi wala hapigiwi kelele. Mwenye mshale peke yake hubaki akiangalia. Akiona wakati umefika hupiga pembe ndogo ya mbawala iliyo shingoni mwake, ndipo watu huinuka. Kabla ya pembe, hakuna kuinuka. Na pembe ni ya mwenye mshale, mwingine haigusi.

Zubairi hakukubaliana nawe hata siku moja. "Afande, we nataka nyama ikufe yenyewe, halafu mimi nakula nini?" alikuwa akisema, huku akikuonyesha kisu chake. "Sisi nachinja, ssebo. Mi nataka kukimbia, nipate yeye bado iko na roho." Nawe ulimjibu, "Kaa chini, Zubairi. Ukikimbiza yeye, atapeleka nyama yako mpaka Sudan." Hapo mlicheka wote wawili, na Jumapili iliyofuata mkaanza upya.

Aliyevunja kanuni yako kweli alikuwa Olal. Ilikuwa safari moja kabla ya ile ya mwisho. Mlikuwa kwenye shamba la ng'ombe la rafiki yenu, ambako mliwinda kwa kibali. Ulipata mbawala dume, ukasema "Ketini," na Olal, mtu mzima mwenye mke na mtoto, akashindwa kuvumilia, akainuka kabla ya pembe. Mbawala akakimbilia kwenye mafunjo ya kinamasi. Mlimtafuta mpaka mkachoka, akaoza hukohuko bure. Jumapili ukasema mbele ya watu, "Huyu mtoto yangu, Mungu alimnyima makalio ya kukaa." Watu wakacheka. Olal naye akacheka, lakini mimi ndiye niliyemzaa, niliyaona masikio yake yakimwaka kwa aibu.

Basi ukamfundisha. Ulimkalisha nyuma ya karakana, mgongo kwa gunia, wewe ukaja ndani kunywa chai, ukaongea na mimi, ukasikiliza taarifa ya habari. Ulipotoka ulimkuta vilevile. Ulifurahi, Baba Laker! Ulimpiga begani ukamwambia, "Sasa uko mtu." Alikuja jikoni akinieleza maneno hayo, akitabasamu kama alivyokuwa akitabasamu akileta ripoti nzuri ya shule.

Siku yenyewe mimi sikuwepo. Najua nilivyosimuliwa na Zubairi, naye alinisimulia mara moja tu, akiwa amesimama barazani na kofia yake mkononi. Ilikuwa asubuhi, kwenye shamba lilelile. Mshale ulikuwa wako. Mbawala aliruka akaingia majanini. Ukasema "Ketini," ukaenda ukajiegemeza upande wa pili wa kichuguu, na Zubairi na Olal wakageuza migongo wakaketi. Jua likapanda. Wakaendelea kuketi.

"Mama Laker, sisi iko nangoja pembe tu," Zubairi aliniambia. "Olal aliniangalia na macho, mi naona anataka kusimama. Mi nikamshika bega, nikamkalisha. Mimi! Mimi ile kila siku nasema twende haraka, twende haraka. Siku hiyo nikajisema, wacha leo tupatie mzee heshima yake."

Ndege walipoanza kutua juu ya kichuguu bila woga, ndipo Olal alipogeuka. Ulikuwa umeegemea udongo, macho wazi. Mbawala alikuwa amelala karibu tu, ng'ambo ya majani, kama ulivyosema siku zote. Na pembe ilikuwa mkononi mwako, Baba Laker. Haikuwa shingoni. Ilikuwa mkononi.

Ulitaka kuwaita, na pumzi haikutosha. Hilo silisemi kwa kubahatisha, maana nimelifikiria kila siku ya mwaka huu na sipati maana nyingine. Walikuwa karibu nawe hivi kwamba ungekohoa wangesikia. Watu wawili waliokupenda kuliko wote walikupa mgongo kwa sababu wewe mwenyewe uliwafundisha kukupa mgongo.

Daktari alisema ni moyo. Nilimwuliza ingekuwaje kama mtu angekufikia mapema. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Labda." Hiyo "labda" tunalala nayo na kuamka nayo.

Zubairi ameacha kufua vigumba. Kila Ijumaa baada ya swala huja Mbuya, hukaa kwenye ngazi ya baraza, haingii ndani hata nikimsihi, kisha huondoka. Chai ninayompelekea huiacha ikiwa imepoa.

Olal alikubeba kwa mikono yake kutoka porini. Alikuzika kwenu kaskazini, akatupa udongo kama wengine, na tangu tulipotoka huko hajakanyaga nyumba yako. Kisugu si mbali na hapa, mtu hutembea kwa miguu. Kazi yake ya ulinzi wamempa mtu mwingine. Nuriat huja na mtoto, hujikaza, halafu machozi humshinda jikoni. "Mama, Olal iko nakaa tu," aliniambia. "Aligeuza kiti, naangalia ukuta. Mi naita jina yake, hajibu. Alanyo akilia, ndiyo anamwangalia kidogo, halafu anageuka tena. Banange, Mama, mi nifanye nini?"

Nilikwenda mwenyewe. Unanijua, sikosi maneno. Nilimgombeza, nikambembeleza, nikamwimbia hata nyimbo za utotoni. Alinijibu mara moja tu, bila kugeuka: "Mama, pembe haijalia." Nikarudi nyumbani.

Nimekata tamaa, Baba Laker, nasema wazi ili nisije nikaitwa mnafiki. Majirani huniambia wakati ni dawa. Dawa hiyo nimeinywa mwaka mzima na ugonjwa unazidi. Wengine huniambia ulikufa ukifanya ulichokipenda. Nawaitikia kwa heshima, kisha nafunga mlango. Ulikufa ukihitaji msaada, na msaada ulikuwa umeketi hapo hapo. Na nina hasira nawe. Uliwafundisha watu kukungoja, hukuwafundisha wafanye nini usipokuja.

Wiki iliyopita niliitoa ile pembe kwenye msumari, nikasimama barazani, nikapuliza. Ilitoka pumzi tu. Nikapuliza tena mpaka kichwa kikazunguka, ikatoka pumzi. Hapo nikajua ulivyokuwa nyuma ya kichuguu, nikakaa chini nikalia mpaka Laker akaja kuninyanyua. Laker naye akajaribu, haikulia. Ijumaa nikampa Zubairi, nikamwambia apige, Olal aisikie hata kwa simu, yaishe. Aliishika kwa mikono miwili, akanirudishia. "Hiyo siwezi, Mama Laker. Haikuwa mshale yangu." Nikaona kwamba naye bado ameketi palepale alipoketi siku ile.

Basi sikia. Nimekutii tangu uliponioa, isipokuwa pale ulipokosea, na pale pia nilikutii mbele ya watu. Leo nakukatalia mbele ya watu. Mshale ulikuwa wako, na wewe ulikuwa wangu, kwa hiyo pembe ni yangu. Pumzi ya kuiliza sina, kalamu ninayo. Nuriat atalichukua gazeti hili, atasimama nyuma ya kile kiti kule Kisugu, asome kwa sauti. Ni hapa, mwanangu Nuriat. Soma hapa.

Olal. Nakuita kwa jina, ingawa baba yako alikataza. Mnyama amekwisha kulala. Baba yako amekwisha kulala. Ulikaa vizuri kama alivyokufundisha, hakuna aliyepata kukaa vizuri kuliko wewe, na kama kuna kosa basi ni lake na la baba yake, wameshakwenda nalo. Mtu aliyekwambia uketi alitaka kukuita, akashindwa. Sasa nakuita mimi. Pembe ndiyo hii. Inuka, mwanangu. Geuka. Njoo nyumbani.

Sijui kama atainuka, Baba Laker. Nimejifunza kutotumaini sana. Misa yako itasomwa Jumamosi asubuhi parokiani kwetu, kisha watu watakuja kunywa chai hapa. Zubairi nimemwambia safari hii ataingia ndani, apende asipende. Kiti cha Olal nimekiweka mezani, upande ule unaoyumba, maana yeye ndiye aliyekuwa akiukanyaga mguu wa meza usiyumbe.

Tunaokulilia ni mimi mkeo Docus, binti yako Laker, mkwe wako Nuriat, mjukuu wako Alanyo, Zubairi wa Kisenyi ambaye kwetu ni ndugu, na mwanao Olal, tunayemngoja.

Hutatutoka moyoni, Baba Laker, hata siku moja. Sasa nawe mruhusu mtoto asimame.