Nilimtungia Marehemu Hotuba

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana nimejichimbia shimo kwa kalamu yangu mwenyewe. Mimi ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu, mzaliwa wa Berega, naandika tasnifu kuhusu hotuba za kisiasa za karne iliyopita, na niliyoitegemea ni ya babu yake babu yangu, ambayo babu Makarius alinisimulia tangu utotoni tukipukuchua mahindi, na mpaka leo nikisikia punje zinaanguka kwenye ungo moyo unanirudi kule, jinsi wazee walivyobishana siku mbili kama wakimbie wavamizi au wabaki, hadi yule mzee akasimama, akakohoa, akasema, "Kesho napanda," akaketi, na watu wakaenda kutafuta majembe. Basi, maneno mawili tu! Niliona aibu kuyapeleka kwa profesa, nikamtungia marehemu kurasa nne za umoja na ushujaa, profesa akazisifu kuliko sura zote, nami kwa majivuno nikamwonyesha katibu wa kijiji chetu cha ujamaa, na sasa anataka nizisome Sabasaba mbele ya watu wote, babu akiwa kiti cha mbele, na nasikia ameshanyoosha koti lake la harusi. Nikikiri naweza kukosa shahada, nikisoma nitamtazamaje babu?
Rafaeli

Rafaeli, nusu ya pole nakupa, nusu naibakiza. Ulikwenda kusomea ufundi wa kusema, ukakutana na fundi mwenyewe, ukamsahihisha!

Mimi nimekulia Magomeni, Kilosa. Mwaka wa Uhuru baba yangu, Mzee Mwinshehe, alitupeleka mkutanoni. Waliohutubia walikuwa wengi na simkumbuki hata mmoja, isipokuwa mama muuza vitumbua aliyesema, "Sasa tukikosea, tumekosea wenyewe." Watu walicheka, kisha wakaenda nyumbani wakiyarudia. Natamani siku ile irudi hata kwa saa moja, baba akiwa amenishika mkono. Kwa hiyo usiniambie maneno machache hayatoshi.

Mwandikie profesa wiki hii. Ondoa kurasa zako, weka yale maneno mawili pamoja na jina la aliyekusimulia, kisha eleza kwa nini yalitosha. Hiyo ndiyo kazi ya msomi. Katibu mwambie huna cha kusoma, amwombe babu yako asimulie mwenyewe. Lakini kabla ya hao wote, panda basi uende Berega, umwamkie babu yako shikamoo, umweleze ulichofanya. Njia ya mwongo ni fupi, usingoje Sabasaba ikukute. Atakasirika, na ana haki. Mwache akasirike mpaka amalize.

Shahada ukiikosa mwaka huu, mwakani ipo. Babu je?