Makoti ya Watu wa Barafu

Mjukuu wangu Salma,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, namshukuru Mola, ila shangazi yako bado anakohoa. Umeuliza mbona sikununulii nguo mpaka nikuulize.

Mwaka jana, kwenye duka ninaponunua mzigo hapa Guangzhou, wakubwa wa mataifa kadhaa walikuja kuchagua makoti ya nailoni, msaada kwa watu wa nchi za barafu. Walifuatana na mwindaji mzee wa huko na mkalimani. Mzee akapuliza pumzi ndani ya koti. Likalowa kwa ndani.

“Jasho litaganda humu. Mwanangu aliganda akafa ndani ya koti kama hili. Sisi hushona ya ngozi.”

“Mzee, ya bure haya!” Wakubwa wakacheka, wakatia saini.

Mzee alikuwa ameniona nikikagua vitambaa, akanigeukia. “Mama, wewe unajua nguo. Waambie.”

Nilijua. Nikanyamaza, nisimuudhi mwenye duka. Mungu anisamehe.

Haya, niambie gauni la Idi ulitakalo. Nitasoma kila neno.

Bibi yako