Reli Inayopita Juu ya Kitanda

Kamembe, Cyangugu
Alhamisi, baada ya adhuhuri

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo Mama. Natumaini mgongo wako umetulia, na kwamba ile dawa ya kuchua aliyoitengeneza Mama imekufaa kuliko ya hospitali, ingawa najua kwa mdomo hutakubali. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, nafanya kazi. Ukiniuliza zaidi ya hapo sina la kukuambia, na si kwamba naficha. Siku hizi niko kama mkono uliolaliwa usiku kucha. Upo, lakini ukiufinya hausikii.

Barua yako imenifikia kwa mkono wa yule dereva wa Bujumbura. Nimesoma kwamba Tatu, mke wa ndugu yangu Hamisi, ameanza kufunga mizigo, na kwamba mwezi ukiandama atapanda boti na mtoto hadi Bujumbura, halafu atafute gari la kumleta huku kwa mumewe. Sehemu hiyo nimeirudia mara nyingi. Nitaifikia. Kwanza picha, kwa sababu umezingoja sana na dereva anaondoka kesho.

Ziko tano tu. Mpiga picha wetu alikuwa na filamu ya harusi ya Gihundwe, zilikuwa zimebaki nafasi tano, na hakuweza kuipeleka Kigali kuoshwa mpaka iishe. Akanipa mimi. Uliniandikia kwamba mtu aliyefanya kazi reli ya Kigoma miaka yote ile hawezi kuamini treni ya mikebe mpaka aione kwa macho. Haya, vaa miwani.

Ya kwanza ni injini. Mwili wake ni mkebe wa mafuta ya kupikia, ile mikebe ya msaada iliyojaa huku tangu wakati wa kambi za wakimbizi. Hakuna nyumba Kamembe isiyo nayo, wengine wameifanya milango. Ukitazama ubavuni utaona maandishi yamekaa kichwa chini. Ni Hamisi huyo, alilikunja bati upande usio wake na akakataa kulirudia. Alisema treni ikipinduka ndipo yatasomeka vizuri. Magurudumu ni vifuniko vya soda vilivyolehemiwa juu ya duara la bati, ili duara lishike reli kwa ndani kama ulivyotueleza tukiwa wadogo. Kinachoivuta ni mota ya redio kaseti iliyokufa, na betri nne ambazo naanika juani zikichoka.

Ya pili ni stesheni yetu ya Kigoma. Nilipokuchorea kwenye barua ya nyuma ulinigombeza kwamba tangi la maji nimeliweka upande wa ziwa. Nimelihamisha, tazama vizuri kabla hujaanza tena. Watu wa huku wanakuja kuitazama kila siku, maana nchi hii haina reli hata hatua moja. Mzee mmoja anayeuza chumvi jirani na karakana yangu aliizunguka treni mara mbili, akaidhani basi la abiria, akaniuliza, "Fundi, hii bisi yako ya murefu hivi, shofere akitaka kukata kona anafanya je?" Nikamwambia hakati kona yoyote, njia ndiyo inamkatia. Akatikisa kichwa. "Sasa ile haiko kazi. Iko kukaa tu." Nikafikiri ungekuwepo ungempiga na fimbo ya bendera yako.

Ya tatu ni pinda la reli kule Luiche, au linalojaribu kuwa pinda la Luiche. Samahani kwa maua ya plastiki hapo katikati ya njia, si yangu. Mpiga picha ndiye aliyeyaleta kutoka studio. Alichungulia kwenye kamera, akainua uso, akasema, "Fundi, picha gani hii haina hata muntu?" Nikamwambia apige hivyo hivyo. Akaona ni dhambi, akaweka maua. Pinda lenyewe lilinichukua siku nzima, na kumbuka hilo, maana nitalitaja tena.

Ya nne usiipitishe kwa watu kwanza.

Baba, najua barua zangu unazisoma kwa sauti ukumbini, Mama yuko kwenye mkeka, Tatu na mtoto wako mlangoni. Hapa ikunje karatasi. Sema macho yamechoka, halafu toka uani na umalizie huko peke yako. Onyo hili ningeliandika juu kabisa, lakini barua inayoanza hivyo wote wangeijua kabla hujafungua mdomo.

Sasa itazame. Reli inatoka sebuleni, inaingia chumbani, inapita juu ya kitanda. Kitanda ni cha Hamisi. Nimeondoa godoro, nimelaza mbao, na juu ya mbao kuna reli tangu kichwani mpaka miguuni. Wewe ulikuwa mtu wa kukagua njia, huwezi kukosa kuuliza mwenye kitanda analala wapi. Hamisi amefariki, Baba. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Amefariki miaka miwili iliyopita.

Siku hiyo ilikuwa zamu yangu kuvuka daraja kwenda Bukavu kuuza vibatari. Vita vya ng'ambo vilikuwa vimeanza tena, lakini watu walivuka asubuhi na kurudi jioni, na sisi tulikuwa tunasema soko ni soko. Nilikuwa nimeanza kulehemu lile pinda na sikutaka kuliacha lipoe nusu. Nikamwambia, "Nenda wewe leo, kesho nitakwenda mimi." Akabeba mzigo wa vibatari. Hakubisha. Ukikumbuka Hamisi alivyokuwa mbishi, utaelewa kwa nini hilo nalikumbuka.

Jioni hakurudi, na kesho yake daraja lilifungwa. Siku ya tatu akaja Maman Zaituni, mama anayeuza sambaza, dagaa wa huku, ambaye alikuwa amekwama ng'ambo na wengine mpaka wakavushwa kwa mtumbwi. Alisimama mlangoni na beseni lake tupu. Akasema, "Fundi, usikae ukimungojea. Bunduki zilianza kulia pale soko, batu bakakimbia, yeye akarudi kukamata mizigo. Balimuzika jana na bengine babili. Miye mwenyewe nilimuona." Akanipa kofia ya Hamisi. Nikamwambia asante, Mama. Nikamwuliza kama amekula.

Daraja lilipofunguliwa nilikwenda. Watu wa msikiti wa kule walinionyesha mahali. Walimwosha, wakamsalia, wakamzika kwa heshima, hilo naomba Mama alijue mapema kuliko yote. Nilikata kipande cha bati, nikagonga jina lake na lako kwa msumari, nikakichomeka. Nilisoma nilichojua kusoma, nikarudi nyumbani kabla hawajafunga mpaka.

Sikulia. Mpaka leo sijalia, na sikuambii hivi nionekane mwanaume. Nilirudi nikawasha moto, nikamaliza pinda. Kesho yake nikaongeza kipande, na keshokutwa. Nilipofika ukutani nikafungua mlango wa chumba chake. Kazi ilikuwa inajifanya yenyewe, na mimi nilikuwa pale nimeshika koleo.

Wiki ile ile nilikuandikia. Habari zote ziliandikika, isipokuwa moja. Nilifika mwisho, pale pa salamu, na mkono ukaandika kama ulivyozoea, "Hamisi naye anawasalimu." Niliisoma, sikuifuta. Nikajiambia barua ijayo nitasema. Barua iliyofuata ilikuwa na uongo wa kwanza wa kueleza, ikawa ngumu zaidi, na ya tatu ikawa ngumu kuliko ya pili. Mlitufundisha kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka miwili.

Na lipo baya kuliko hilo. Mwaka jana uliandika kwamba wajomba zake Tatu wamekuja kukaa nawe. Walisema binti yao bado kijana, kuna mwoka mikate mwenye adabu aliyeuliza habari zake, basi Hamisi arudi kwa mkewe au amwachie kwa wema. Ukataka neno la Hamisi. Nami nikakujibu, "Hamisi anasema asubiri, anakuja baada ya Idi."

Hamisi hakusema. Alikuwa kaburini. Nilisema mimi. Talaka ya mke wa mtu mwingine sikuweza kuiandika, kifo sikuweza kukiandika, nikatafuta neno lililokaa katikati. Neno hilo ndilo lililomkatalia yule mwoka mikate, na ndilo linalomfungisha Tatu mizigo leo.

Barua yako ilipofika nilikwenda kwa sheikh wetu hapa Kamembe, nikamweleza kila kitu. Nilidhani atanifukuza. Aliniuliza siku ya kifo tu, akahesabu kwa vidole. Akaniambia eda ya mjane huanza siku mume alipofariki, si siku habari ilipomfikia. Miezi minne na siku kumi za Tatu zilikwisha zamani. "Hana eda tena," akasema. "Iliisha yeye akiwa hajui."

Nilitoka pale nikatembea mpaka barabara ya Gihundwe bila kujua naenda wapi. Nilimwona Tatu akilini mwangu, akikaa eda yake yote huku akisuka nywele, akipaka hina, akicheka na mtoto, akichagua kanga za safari. Nimemnyima hata kuomboleza, na sasa hata sheria haimpi siku zake za kukaa ndani akalia. Hapo kifuani nilisikia kitu, Baba. Kilikuwa kidogo na hakikukaa, lakini nilikisikia. Ni aibu. Naona aibu mbele yako na mbele yake.

Sasa ninachokuomba. Asisafiri. Njia ya Bujumbura kuja huku si ya mwanamke na mtoto siku hizi, na mwisho wake hakuna mtu wa kumpokea ila mimi. Mfungulie mizigo leo hii, hata kabla hujapata maneno mazuri. Mwite mbele ya Mama, na umwambie kwa kinywa chako. Usinifunike. Usiseme habari zilichelewa kwa ajili ya vita, watu watakubali na utakuwa umesema uongo kwa ajili yangu. Sema mwanao Rama alijua. Akiuliza lile neno la kusubiri lilitoka kwa nani, mwambie. Asije akamkasirikia marehemu kwa kitu ambacho hakukisema.

Kisha mkusanye watu, mumsomee Hamisi hitima. Mimi huku nitasoma na wachache wa msikiti siku mtakayoniambia.

Picha ya tano ni mimi. Mama alitaka kuuona uso wa Hamisi na sina picha yake yoyote, mpiga picha aliyetupiga pamoja alihama na filamu zake vita vilipoanza. Nikampa huyu nafasi ya mwisho aniweke mimi. Mama ataniona nimekonda. Mwambie si ugonjwa. Kama hataki kuiweka ukutani, asiiweke.

Hutaniambia nirudi, nakujua, utaniachia niamue. Sijui. Hiyo si nusu ya jibu, ndilo jibu lote nililonalo. Kazi ipo, vibatari vinatafutwa kuliko zamani. Kitanda nitakisafisha, hilo nimeamua. Reli ya pale naing'oa kesho asubuhi kabla sijapeleka barua kwa dereva, nisije nikapata muda wa kubadili moyo.

Msalimu Mama, na umkalie karibu atakaposikia, usiende kuketi barazani na wanaume. Msalimu shangazi wa Ujiji aliyetulea, na dada yetu mkubwa na mumewe, na jirani yetu muuza mkaa ambaye huniombea dua kila Ijumaa. Asiache. Mtoto wa Hamisi mshike kichwani kwa niaba yangu.

Shemeji yangu Tatu simtumii salamu, sina uso huo. Akitaka kuniandikia, na aandike lolote, nitalisoma mpaka mwisho. Na yule mwoka mikate akiwa bado anaulizia, wajomba zake wasimwombe ruhusa mtu yeyote wa nyumba yetu. Hakuna tena wa kusema asubiri.

Mwisho wa barua zangu umezoea kusikia salamu za watu wawili. Hizi ni za mmoja.

Mwanao uliyebaki naye huku,
Ramadhani