Waya Mrefu, Mti wa Dirishani na Futi ya Mke Wangu

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Alhamisi haijafika, maana shimo nimelichimba mwenyewe na sasa natafuta ngazi.

Mimi ni fundi friji, mtu mzima, na starehe yangu ni moja tu, redio ya kuongea na watu wa nchi za mbali, leseni ninayo, sasa masafa ninayoyapenda yanataka waya wa mita arobaini uning'inie juu kabisa, na Mungu si Athumani, kiwanja chetu ni miti mitupu, nikachagua mitatu, nikarusha kwa manati kamba iliyofungwa jiwe, jiwe likatua kwenye bati la chumba anachoshonea mke wangu, akatoka mbio na pini mdomoni, nikamwambia ni kima.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Wa pili ndio unaoniua. Mti wa katikati, mrefu kuliko yote, umeziba dirisha lake, anashona mchana kweupe taa inawaka, na juzi kamshonea mteja suruali mguu mmoja wa bluu na mwingine mweusi, akalia, mshauri, mke wangu akalia, akasema, "Mume wangu, tuukate tu huu mti," nami nikautazama waya wangu kule juu nikamjibu bwana misitu amekataza. Kumbe yeye kaenda ofisini kwa bwana misitu kuacha barua ya kumbembeleza, na bwana misitu anakuja Alhamisi kuhusu katazo ambalo hajawahi kulitoa!

Na kinachoniuma zaidi, redio yenyewe imegoma, nasikia mchakacho tu, wakati waya niliupima kwa uangalifu, nilichukua kimyakimya futi ya mke wangu ya kupimia nguo, nikahesabu mita moja na nusu mara ishirini na saba, futi kuukuu, namba zake zinaanzia kumi sijui kwa nini, mafundi cherehani wana mambo yao.

Je, nimuwahi bwana misitu nimwombe anifichie siri? Nampenda sana mke wangu, lakini na ule mti jamani.

Fundi Friji

JIBU

Fundi friji, pole. Na pole yangu inaishia hapo.

Unataka kumvisha bwana wa watu uongo wako? Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia Alhamisi. Mwenzako anaharibu macho na kazi yake, wewe unasingizia kima! Huoni haya?

Halafu futi. Namba zinaanzia kumi kwa sababu sentimita kumi za mwanzo zilishakatika, baba! Mkeo anajua, ndiyo maana nguo zake zinawatosha watu. Wewe umehesabu kipande kifupi kuwa kizima, mara ishirini na saba, na waya wako umepungua zaidi ya mita mbili. Ungemuuliza mwenye futi angekwambia hata kichwa hajainua, ila mwizi haulizi.

Nina shemeji mwenye ugonjwa kama wako. Anasema waya si lazima unyooke wote: unapanda mti mmoja, unakunjwa, unaelekea mwingine. Miti miwili inakutosha kabisa. Waya unakunjika, macho ya mkeo hayashoneki.

Kwa hiyo leo hii, si Jumatano, ingia chumba cha kushonea, kaa kwenye kigoda cha wateja, useme yote: jiwe, kima, bwana misitu, futi. Akifoka, tulia. Alhamisi msimame wote wawili mbele ya bwana misitu, na akiruhusu, kamba ya kuuangushia mti uishike wewe.

Mwanga ukishaingia dirishani, mwombe mkeo akupimie waya upya. Redio ikiitika, kipaza sauti mpe yeye kwanza. Ana mengi ya kukwambia, na safari hii utampata vizuri.