Roketi Isiyorushwa

Kisumu, Jumanne

Kaka Walter, huko Doha,

Sisi tupo. Ule mchezo wa simu ninaoutengeneza, wa maroboti makubwa yanayopigana, bado unanisumbua. Kila roboti lina roketi moja, ya kurushwa mara moja tu. Nimeiongezea nguvu mara tatu, lakini wachezaji wanaitunza wakingoja adui mkubwa zaidi, halafu wanakufa nayo begani. Jana niliamua: isiporushwa ndani ya dakika tatu, inatoweka. Wamelalamika. Wacha walalamike.

Mama amelazwa hospitali ya Kombewa. Ile likizo yako moja, uliyosema unaiweka kwa ajili ya jambo kubwa, bado unayo? Jogoo wako pia yupo. Mama amekataza achinjwe mpaka ufike.

Daktari amempa wiki mbili.

Dada yako,
Beldina