Herode na Uwanja wa Mkolani

Jumatatu, 22 Desemba 2025

Kikaragosi Herode amekamilika! Kichwa cha mti, nyuzi tisa, joho nimelishona kwa pazia letu la zamani. Mume wangu Masalu kamfundisha kutembea kwa kiburi — anaburuta mguu mmoja. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Mchezo wa Sikukuu ni huu: Yosefu na Maria wanamkimbia Herode, wanafika Busisi, wanavuka kwa daraja jipya. Herode yeye bado anasubiri pantoni. Watoto wa Mwanza watavunjika mbavu.

Jioni akaja shemeji Shimba, kaka yake Masalu wa tumbo moja, aliyerithi ngoma ya baba yao. Hakuketi. Eti siku ya pili ya Krismasi uwanja wa Mkolani ni wa ngoma yake, sisi tutafute kanisa tukachezee midoli. Masalu akasema uwanja haujaandikwa jina la mtu. Shimba akamtemea mate kikaragosi Maria usoni. Masalu akamtandika nyundo ya mbao — ya mdomo! Damu kwenye mkeka, na jino. Shimba akaliokota, akalifunga kwenye leso, akanigeukia mimi, siyo mdogo wake:

"Shemeji nshomile, umemfundisha vizuri." Nshomile — ndivyo wanavyotudhihaki sisi Wahaya, wasomi wenye maringo.

Jumatano, 24 Desemba

Asubuhi tumemkuta Yosefu ananing'inia mlangoni. Kanyongwa kwa nyuzi zake mwenyewe. Msumari kila jicho. Nimeing'oa, macho nimeyapaka rangi upya.

Nimemsihi Masalu tukachezee Kirumba. Hataki. Kwao ngoma mbili hupambana uwanja mmoja, wakati mmoja. Watu wakihama upande huu kwenda ule, aliyekimbiwa ameshindwa, anafunga ngoma yake anaondoka. Ndivyo baba yao alivyowashinda wenzake miaka yote. Mimi Mhaya, naambiwa siwezi kuelewa. Kweli sielewi.

Ijumaa, 26 Desemba

Niandike kwa mpangilio.

Sisi tulikuwa ukutani kwa mashine ya kusaga, Shimba kule kwenye jiwe kubwa. Mwanzoni watu wote kwake. Herode alipoanza kuulizia pantoni — kicheko! Familia nzima nzima, akina mama na viti vyao vya plastiki, wakahamia kwetu. Ngoma ikanyamaza.

Shimba akapita nyuma ya pazia. Tulikuwa tumesimama juu ya benchi, mikono ya Masalu iko juu ya boriti na nyuzi zake. Panga sikuliona. Nililisikia likigonga mti. Vidole viwili vya mkono wa kulia vikaanguka jukwaani pamoja na Herode.

Watoto wakapiga makofi. "Kafa! Herode kafa!"

Kisha mama mmoja wa mbele akaona kilichoanguka.

Jumamosi, 27 Desemba

Hospitali Masalu kasema ni msumeno. Daktari akanitazama mimi. Masalu naye akanikazia macho. "Ndiyo," nikasema, "msumeno."

Nimekwenda peke yangu kwa mwenyekiti wa mtaa. Shikamoo, marahaba, nikamweleza yote. Kasema: mama, hao wametoka tumbo moja, ukiingiza polisi wote wawili watakugeukia wewe. Waache wamalizane.

Wamalizane!

Masalu hajala. Hajalia. Ananoa panga kwa mkono wa kushoto, kalibana kwa goti.

Jumapili, 28 Desemba

Naandikia juu ya sanduku la vikaragosi, nyuma ya pazia. Nisipoandika nitapiga kelele. Shindano la juzi halikuisha; leo tumerudi Mkolani, na Shimba yuko kwenye jiwe lake.

Asubuhi Masalu kaniagiza kwa upole, kama anayenituma sokoni. Leo ucheze wewe. Uwavute watu wote, asibaki hata mmoja kwake. Nikamuuliza, na wewe utakuwa wapi?

"Kule." Akaonyesha jiwe kwa kidevu.

Nikaelewa. Vijana wa ngoma ya Shimba wamemkimbia tangu juzi, anapiga ngoma peke yake. Kinachomlinda ni watu waliomzunguka tu. Wakihama, nyuma ya jiwe lile hakuna anayeona.

Nikamwambia sichezi. Akatabasamu. "Utacheza. Na hujawahi kucheza vibaya."

Basi leo nitacheza vibaya. Nyuzi za Herode nimezisokota kwa makusudi, mguu hauinuki. Watanizomea, watarudi kwenye ngoma. Shimba ataishi. Mume wangu hatakuwa muuaji.

Nimechungulia. Watu ni wengi kuliko juzi, duara zito limemzunguka Shimba. Vizuri. Kaeni huko huko. Masalu yuko pembeni ya mashine ya kusaga, kavaa koti — joto lote hili.

Mbele ya pazia kuna akina mama wawili, nawasikia. Mmoja anasema ni hapa, ni hapa hapa vidole vilipoangukia. Mwenzake: "Weee! Ngoja niwaite wenzangu!"

Wanakuja. Sijafungua pazia! Sijagusa hata uzi mmoja! Wanakuja na viti kichwani, wanawavuta watoto mikono, wanasukumana wapate mbele. "Mama Herode, anza! Leo anakatwa nani?" Nawapungia warudi — wanacheka, wananipungia na wao.

Duara limepasuka. Shimba bado anapiga, kainamisha kichwa, haoni.

Koti la Masalu liko chini, pembeni ya mashine. Koti peke yake.