Jiwe Nililompa Bi Serpil

Mermercik,
Kisiwa cha Marmara.
Jumapili, 8 Novemba 2009.

Mpendwa dada Gülsüm,

Salamu za amani zikufikie huko Duisburg, wewe na shemeji na watoto. Goti linaendeleaje na baridi hiyo? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila Nezahat wangu ana kikohozi hakimwachi. Zeituni za mwaka huu ni ndogo lakini zina mafuta.

Dada, nina neno zito, nimeliahirisha wiki tatu sasa.

Nilikuandikia juu ya ile merikebu ya Warumi iliyoonekana chini ya bahari na shehena yake ya nguzo za marumaru. Bi Serpil, mtaalamu anayetafuta marumaru ile ilichimbwa wapi, alifika hapa na kipande cha nguzo moja. Nikakigonga kwa nyundo, nikanusa: yai lililooza. Jiwe letu hasa, ndivyo linukavyo likigongwa. Cemil, mkata mawe mwenzangu, akanicheka mbele za watu, "Hikmet bwana, maabara ya nini tena? Si wachukue pua hii." Tulicheka sote, maana tumaini lilikuwepo. Ingethibitika ni jiwe la kilima chetu, serikali ingekilinda kama machimbo ya kale kisikatwe na kampuni ya mawe, na baba angeachwa alale.

"Pua haiandikwi kwenye ripoti, kaka," Bi Serpil akaniambia. "Nikatie kipande cha ukuta wa machimbo ya zamani, nikalinganishe."

Na wewe unaujua mwiko wetu wakata mawe: ukuta ulioua mtu hautiwi patasi. Ule ulimwangukia baba mwaka sabini na moja, hatukuweza kumtoa, tukamswalia juu ya kifusi. Mkono wangu ulikataa. Nikakata kwenye lile jiwe kubwa lililolala chini ya ukuta, nikampa, nikamwambia ni la ukutani.

Majibu yakaja: vipande havifanani. Kilima chetu kimefutwa kwenye orodha, na kampuni imepewa kibali.

Nilimlalamikia Cemil, nikamwambia nilikata wapi. "Lile jiwe si la hapa, we mtu. Tulilitelezesha juu ya magogo kutoka machimbo ya kaskazini, mwaka gati lao lilipovunjika, lije lipakiwe melini huku. Wewe ndiye uliyepaka magogo sabuni."

Kweli, dada. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Sijui kama nilisahau au nilitaka kusahau.

Nilimpigia Bi Serpil nikakiri. Akasema kwa upole kwamba ripoti imekwisha kupokelewa, na wakubwa hawatapokea jiwe jingine kutoka mkono uleule. Naswali, naomba, lakini mlango siuoni. Misumeno inaanza kesho.

Jana baada ya alasiri nilipanda peke yangu. Nikasoma Yasini, nikautia ukuta patasi.

Nezahat anakusalimu, na shangazi Hacer anauliza utakuja lini kabla hajafa. Msalimie shemeji Orhan. Mwenyezi Mungu akutunze ugenini na akupe afya.

Kilichotoka ukutani kimo kwenye kifurushi hiki, chini ya zeituni. Ukikigonga kitanuka yai. Usikitupe. Kuanzia kesho, hakuna mahali pengine pa kumsomea baba Fatiha.

Mdogo wako akupendaye, aliyekukosea,
Hikmet